Kampuni Iliyopoteza Migodi Ikabaki na Tanuri

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa uhandisi na wa uchumi, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusikiliza habari za mawe na matanuri, nawashukuru.

Nimeombwa nieleze jinsi kampuni ya uchimbaji madini inavyoweza kugeuka ikawa kampuni ya teknolojia ya metali na urejelezaji. Ningeweza kuzunguka dunia nzima kwa mifano, lakini nitabaki na kampuni moja tu, Umicore ya Ubelgiji, yenye makao yake makuu Brussels. Leo Umicore inanunua bodi za simu na kompyuta zilizokufa, vifaa vya kusafisha moshi vilivyong'olewa kwenye magari, betri zilizochoka, pamoja na vumbi na tope linalotoka viwandani kwa wengine, kisha inatoa humo dhahabu, fedha, platini na metali nyingine nyingi. Ukisoma taarifa zake za mwaka unaweza kudhani ni kampuni ya juzi. Ilizaliwa tarehe 28 Oktoba 1906 kwa jina la Union Minière du Haut Katanga, na ilizaliwa ili kuchimba shaba Katanga, kusini mwa Kongo, katika nchi ambayo watu wake wanazungumza Kiswahili mpaka leo. Ndiyo sababu nimeichagua. Historia hii inatuhusu, na mara nyingi tunaisikia kutoka upande mmoja tu.

Upande huo husema hivi: viongozi wa kampuni waliona mbali, wakatambua kwamba dunia inataka mazingira safi, basi wakaachana na uchimbaji. Mimi sikubaliani na maelezo hayo. Kampuni hii iliachana na migodi yake ya Katanga kwa sababu ilinyang'anywa. Na ikanusurika kwa sababu kitu kilichokuwa na thamani kuliko migodi hakikuwahi kukaa Katanga. Kilikaa Ubelgiji tangu mwanzo, nacho ni ujuzi wa kutenganisha metali zilizochanganyika. Hayo mawili nitayatetea jioni hii.

Shaba ya Katanga haikugunduliwa na Mzungu. Wenyeji waliiyeyusha kwa karne nyingi, wakaimimina katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikatumika kama fedha katika biashara iliyofika mbali sana. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa chini ya Msiri, mtu aliyetoka Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa shaba. Desemba 1891 Msiri aliuawa na watu wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, msafara ambao ulipita kwenye pwani yetu hii. Mwaka uliofuata mwanajiolojia Jules Cornet akaikagua ardhi hiyo, na anatajwa kuwa ndiye aliyeiita kashfa ya kijiolojia kwa wingi wa utajiri wake. Mwaka 1906 Société Générale de Belgique, ile benki kubwa iliyoshika uchumi wa Ubelgiji, ikaungana na Tanganyika Concessions ya Robert Williams, wakaanzisha Union Minière. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuri la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza.

Kampuni ikawa dola ndani ya dola. Ilikuwa na nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule na mgawo wa chakula, na wazee wa Lubumbashi bado wanaikumbuka kama baba na mama. Lakini Desemba 1941, wafanyakazi wa Elisabethville walipogoma kudai nyongeza ya mshahara, walikusanywa uwanjani, askari wa serikali ya kikoloni wakawafyatulia risasi, wakafa makumi. Jambo hilo halipo kwenye vijitabu vya maadhimisho, nami sitaki mhadhara unaotaja teknolojia ya kampuni hii upite bila kulisema.

Sasa tuangalie kazi ilivyogawanywa, kwa sababu hapo ndipo mageuzi yote yalipoanzia. Katanga ilichimba na kuyeyusha. Sehemu kubwa ya usafishaji wa mwisho, hasa ule mgumu, ilifanyika karibu na Antwerp, katika viwanda vya Hoboken na Olen vilivyokuwa vya kampuni dada. Nisikosee hapa: kuanzia 1929 Katanga ilikuwa na mtambo wa kusafisha shaba kwa umeme pale Shituru, Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati huo. Kwa hiyo si kweli kwamba kila kitu kilipelekwa nje kikiwa mawe. Lakini kadiri metali ilivyokuwa adimu na kemia yake ilivyokuwa ngumu, ndivyo ilivyosafiri mbali zaidi kabla ya kuwa bidhaa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni radiamu, metali adimu inayotoa mionzi. Mwaka 1915 iligunduliwa mbale ya urani, yaani mawe yenye metali hiyo, pale Shinkolobwe, Katanga, na mwaka 1922 kiwanda cha Olen kikaanza kutoa radiamu humo. Kila tani tatu za urani hubeba takribani gramu moja tu ya radiamu. Fikirini ni kazi ya namna gani: kuyeyusha kwa asidi, kugandisha, kuchuja, kurudia, kuchuja tena, mpaka ufikie gramu ile moja. Ubelgiji ikashika soko la dunia la radiamu mpaka Kanada ilipoingia katika miaka ya 1930. Na urani yenyewe? Ilikuwa mabaki. Kidogo kiliuzwa kwa watengenezaji wa vioo na vyombo vya udongo kwa ajili ya rangi, kilichosalia kikarundikwa. Halafu mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, akahamisha zaidi ya tani 1,000 za mbale ya Shinkolobwe na kuziweka ghalani Staten Island, New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua kwa ajili ya mradi wake wa siri wa bomu. Sehemu kubwa ya urani iliyoangukia Hiroshima ilitoka Katanga.

Naomba mlishike jambo moja katika habari hiyo, kwa sababu tutalihitaji mbele. Mabaki ni madini ambayo hujajua namna ya kuyatenganisha, au hujampata wa kuyanunua. Siku ujuzi au mnunuzi anapopatikana, lundo linakuwa mgodi.

Uhuru ulipokuja Juni 1960, Katanga ilijitangazia utengano mwezi uliofuata chini ya Moïse Tshombe, na kodi za Union Minière zikaingia katika hazina ya Tshombe badala ya Léopoldville, mji mkuu, yaani Kinshasa ya leo. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961. Utengano ulimalizika mwanzoni mwa 1963, lakini kampuni ilikuwa imekwisha kujitia doa ambalo Kongo isingelisahau. Mwisho wa Desemba 1966 serikali ya Mobutu ikaitaifisha mali yake yote nchini, na Januari 1967 ikazaliwa kampuni ya taifa iliyokuja kuitwa Gécamines.

Hebu tazameni nani alibaki na nini. Kongo ilibaki na mashimo, matanuri, reli na maelfu ya wafanyakazi hodari. Ubelgiji ilibaki na maabara, wakemia, njia za kuuza, na viwanda vya Hoboken na Olen. Haikupita muda, Kongo ikalazimika kuingia mkataba na Société Générale des Minerais, kampuni ya familia ile ile, ili isaidie kuendesha mitambo na kuuza shaba. Sisemi hivi kuwadharau Wakongo. Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986, chini ya mainjinia wengi wa Kikongo. Kilichoiangusha baadaye ni kunyonywa mapato yake na watawala, mitambo isiyofanyiwa matengenezo, kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990, na vurugu zilizofuata. Katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Ninachosema ni kwamba utaifishaji ulichukua kile kilichoweza kuonekana kwa macho. Ujuzi wa hatua za mwisho haukuwa na anwani Katanga, kwa hiyo haukuweza kutaifishwa.

Miaka ishirini iliyofuata sitakaa nayo sana. Kampuni iliyobaki Ubelgiji ilikuwa kama mjane mwenye akiba, ikiwekeza hapa na pale bila mwelekeo. Mwaka 1988 kundi la Suez la Ufaransa lilichukua udhibiti wa Société Générale de Belgique, na mwaka uliofuata viwanda vya metali vya kundi hilo vikaunganishwa: Union Minière, Metallurgie Hoboken-Overpelt, na Vieille-Montagne, kampuni ya zinki iliyoanzishwa 1837. Hapo ndipo mjane alipokutana na tanuri. Hata hivyo haikuwa safari iliyonyooka. Mwaka 1997 kampuni hiyo ilinunua mtambo wa kuyeyusha shaba wa Pirdop, Bulgaria, kana kwamba mustakabali wake bado ulikuwa shaba.

Mwaka 2000 Thomas Leysen akawa mtendaji mkuu. Mwaka 2001 jina likabadilika kuwa Umicore. Mwaka 2003 wakanunua biashara ya metali za thamani iliyokuwa ya Degussa ya Ujerumani, wakaingia kwenye utengenezaji wa vifaa vya kusafisha moshi wa magari. Mwaka 2005 wakaitenga biashara ya shaba, ikawa kampuni yake yenyewe, Cumerio, na ile Pirdop ikaenda nayo. Mwaka 2007 biashara ya kuyeyusha zinki ikaunganishwa na ya Zinifex ya Australia, ikazaliwa Nyrstar.

Hapo kwenye shaba naomba tutue. Kampuni iliyozaliwa kwa ajili ya shaba inawezaje kuitoa shaba? Jibu liko kwenye namna mwenye tanuri anavyolipwa. Mtambo unaonunua makinikia ya shaba, yaani mchanga wa mbale uliokwisha kuchenjuliwa, hauli bei ya shaba. Bei karibu yote inamrudia mwenye mgodi, na mwenye tanuri anabakiwa na ada ya kuyeyusha na kusafisha. Ada hiyo hupangwa na ushindani. Mitambo ikizidi duniani na makinikia yakawa machache, ada inashuka, na mwaka 2024 tumeishuhudia katika soko la papo kwa papo ikishuka mpaka chini ya sifuri, yaani mwenye tanuri anamlipa mwenye makinikia ili tanuri lisizimike. Makinikia safi ya shaba yanaweza kuyeyushwa na watu wengi, kwa hiyo malipo ni finyu. Ukiwa na mgodi wako mwenyewe, faida ya mgodi inaziba pengo hilo. Umicore haikuwa na mgodi tena. Basi ikauliza swali ambalo kila mhandisi kijana angepaswa kuliuliza: ni mzigo gani ambao wengine wanaukataa kwa sababu hawauwezi?

Jibu ni mzigo mchafu. Na hapo tunaingia Hoboken, sehemu ya mhadhara huu ninayoipenda kuliko zote.

Kiwanda cha Hoboken kilianza mwaka 1887 kwa kutenganisha metali ya fedha na metali ya risasi. Kwa zaidi ya karne kimepokea vitu vilivyochanganyika kuliko kiwanda kingine chochote, kwa sababu mbale za Katanga na mabaki ya viwanda vya Ulaya yalikuwa na kila kitu ndani yake. Leo hupokea zaidi ya aina 200 za mizigo na kutoa metali zipatazo 17: dhahabu, fedha, platini, paladiamu, rodiamu, iridiamu, ruteniamu, shaba, risasi, nikeli, bati, antimoni, bismuthi, indiamu, seleniamu, teluriamu, aseniki.

Kazi ya kwanza ni kuchukua sampuli, na pesa zote zinategemea hapo. Mwamba mzuri wa dhahabu leo una gramu moja mpaka tano kwa tani. Tani moja ya simu za mkononi zilizotolewa betri ina takribani gramu 300. Lakini dhahabu hiyo haikutawanyika sawasawa. Imejificha kwenye viunganishi na nyaya nyembamba kuliko unywele, katikati ya plastiki, glasi, shaba na chuma. Muuzaji akileta tani 20, kosa la asilimia moja tu katika kipimo ni gramu 60 za dhahabu ambazo zinamhamia mtu asiyestahili. Kwa hiyo mzigo unasagwa, unachanganywa, unagawanywa, unapunguzwa hatua kwa hatua mpaka kibaki kiasi kidogo cha maabara ambacho muuzaji na mnunuzi wote wanakikubali. Wanafunzi wangu hawapendi somo la sampuli. Wanalipita mbio kufika kwenye tanuri. Lakini imani ya wateja wa kiwanda kama kile imesimama juu ya sampuli kabla ya kusimama juu ya moto.

Halafu linakuja tanuri. Mzigo unaingizwa, hewa yenye oksijeni nyingi inapulizwa ndani kwa bomba linalozama kwenye uji wa moto, na plastiki ya bodi za kompyuta inaungua, ikitoa sehemu ya joto linalohitajika na kuchukua nafasi ya makaa. Ndani ya tanuri vitu vinagawanyika wenyewe, na hapa ndipo kuna werevu wa karne nzima. Mpishi anajua kwamba rangi ya binzari hukimbilia mafuta, haikai kwenye maji. Dhahabu, fedha, platini na ndugu zake hukimbilia shaba iliyoyeyuka namna hiyo hiyo, huku risasi na metali nyingine zikienda kwenye mabaki ya juu yanayoelea. Shaba haikuwekwa humo kwa ajili ya shaba yenyewe. Imewekwa ikusanye.

Kisha shaba hiyo inapasuliwa kuwa chembe na kuyeyushwa kwa asidi ya salfuriki. Shaba inaingia kwenye maji na kutolewa kwa umeme. Kinachobaki chini, unga mweusi usio na sura, ndicho kilichobeba metali za thamani, nacho kinapelekwa kwenye usafishaji wa mwisho. Yale mabaki yenye risasi yanaingia tanuri jingine, risasi inatoka ikiwa imekusanya bati, antimoni na bismuthi, nikeli inajitenga pamoja na aseniki, na kila kimoja kinafuatwa mpaka mwisho. Hata moshi wa salfa unakamatwa na kuwa asidi. Shaba na risasi, metali mbili ambazo kampuni ilijengwa kwa kuziuza, zimegeuzwa kuwa wachukuzi wa metali nyingine. Ukielewa hilo umeelewa mageuzi yote ya Umicore vizuri kuliko kwa kusoma ripoti za wanahisa.

Na mara nyingi Umicore hainunui hata hiyo metali. Mteja anabaki na dhahabu yake, analipa ada ya huduma, na anarudishiwa kiasi kilichokubaliwa katika mkataba. Kiwanda kinachopata zaidi ya kilichokubaliwa kinabaki na ziada. Kwa hiyo kila sehemu ya kumi ya asilimia anayoiongeza mkemia wa Hoboken inaonekana kwenye faida. Ukitaka kujua kwa nini kampuni hii inajiita ya teknolojia, angalia hapo.

Lakini nisiwape picha ya kanisani. Kuna metali ambazo njia hii inazipoteza. Alumini, lithiamu, tantalamu na zile metali za ardhi adimu zimeshikamana na oksijeni kwa nguvu sana, zinakwenda kwenye mabaki ya tanuri na kuishia kuwa kokoto za ujenzi. Mtu akiwaambia kwamba simu inarejelezwa kwa asilimia mia, mwulizeni ni metali gani na kwa njia ipi. Kila tanuri lina metali linazoziokoa na linazozizika, na uamuzi huo huanzia mezani kwa anayebuni simu.

Pia tanuri bila mzigo halina maana. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Zilizobaki ziko kwenye droo, madampo, au kwa vijana wanaochoma nyaya wapate shaba huku wakivuta moshi. Katika bodi ya saketi, kijana huyo anaweza kutoa sehemu ndogo tu ya dhahabu kwa asidi ya kununua, na paladiamu anaimwaga. Sipendi kumlaumu. Nalaumu mfumo ambao haumpi bei nzuri ya bodi nzima ili asilazimike kuichoma.

Kuhusu sumu, Hoboken yenyewe ina historia chungu. Mtaa wa Moretusburg umepakana na kiwanda ukuta kwa ukuta. Katika miaka ya 1970 ilibainika kwamba watoto wa mtaa huo walikuwa na risasi nyingi mwilini. Kampuni ilisafisha udongo, ikaboresha mitambo, viwango vikashuka kwa miaka mingi. Kisha mwaka 2020 vipimo vya damu za watoto vikapanda tena kwa kishindo, na kampuni ikajitolea kununua nyumba zilizo karibu zaidi ili pawe na ukanda wa kijani kati ya kiwanda na makazi. Huyo ndiye mrejelezaji aliyeendelea kuliko wengi, katika nchi yenye sheria kali na maabara za serikali. Sisi tunaijua Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kiliwatia sumu wakazi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, uamuzi uliobishaniwa mahakamani kwa miaka. Urejelezaji wa metali ni uyeyushaji. Una moshi, vumbi na asidi, na hauwi safi kwa kuitwa wa kijani. Anayetaka kuleta tanuri la namna hii karibu na watu aanze na kupima damu za watoto kabla ya kuwasha moto, ili baadaye asiwepo wa kusema hakukuwa na kipimo cha kulinganishia.

Nigusie betri kwa kifupi. Katika miaka ya 2010 Umicore iliweka dau kubwa kwenye kathodi, yaani upande chanya, za betri za magari ya umeme, zile zenye nikeli, manganizi na kobalti, ikajenga viwanda Korea Kusini, China, na mwaka 2022 ikafungua kimoja Nysa, Poland. Mantiki ilivutia: utengeneze kathodi, kisha baada ya miaka uikusanye, uyeyushe, utengeneze nyingine. Lakini magari ya umeme hayakuongezeka Ulaya kwa kasi iliyotarajiwa, na China ikasukuma mbele betri za chuma na fosfati zisizo na nikeli wala kobalti. Mwaka 2024 Umicore ilipunguza thamani ya biashara hiyo vitabuni kwa takribani yuro bilioni 1.6, ikasimamisha ujenzi wa kiwanda Ontario, Kanada. Hasara hiyo inatufundisha kitu ambacho wapenzi wa teknolojia hawakisemi: mgodi unaweza kungoja bei ipande, lakini kathodi iliyopitwa na wakati haingojei chochote. Kilichoibeba kampuni wakati huo ni ile kazi ya zamani, urejelezaji wa Hoboken na vifaa vya magari ya petroli na dizeli.

Sasa turudi Kongo, maana Umicore nayo imerudi, ingawa kwa mlango mwingine. Mwaka 2019 ilisaini mkataba wa muda mrefu na Glencore, kampuni ya madini ya Uswisi, wa kununua kobalti kutoka mgodi wa Mutanda na kutoka kampuni ya KCC pale Kolwezi, ambako uko ule mgodi wa Kamoto wa siku za Union Minière. Kobalti inaondoka Kongo ikiwa hidroksidi, yaani imechenjuliwa kiasi, na usafishaji unafanyika kwingine. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia. Februari 2025 serikali ilisimamisha mauzo yake nje ili kuinua bei, na baadaye mwaka huo ikaweka mgawo. Ni nguvu ya mwenye shimo, nayo ni nguvu halisi. Ila inafanya kazi kwa kufunga lango tu.

Kuna habari nyingine iliyonigusa zaidi. Pale Lubumbashi, kando ya bomba kubwa la moshi la tanuri la 1911, kuna kilima cheusi kinachoonekana kutoka kila upande wa mji. Ni mabaki ya tanuri ya miongo mingi. Sehemu ya makinikia yaliyoyeyushwa pale yalitoka mgodi wa Kipushi, na mbale ya Kipushi ilikuwa na jemaniamu. Wakati huo mabaki hayo hayakuwa na mnunuzi. Leo jemaniamu inatumika kwenye nyaya za intaneti za kioo, kwenye kamera zinazoona gizani, na kwenye paneli za jua za satelaiti. China, mzalishaji mkubwa kuliko wote, iliweka vibali vya kuisafirisha nje mwaka 2023, na wanunuzi wa Ulaya wakaanza kutafuta kwingine. Mwaka 2024 Umicore ikatangaza ushirikiano na STL, kampuni tanzu ya Gécamines inayochenjua kilima hicho. STL inatoa makinikia ya jemaniamu katika mtambo wake mpya pale pale Lubumbashi, na shehena za kwanza zikaondoka mwaka huo huo kwenda Ubelgiji. Umicore inaisafisha na kutengeneza bidhaa zake, kazi ambayo imeifanya kwa miaka mingi Olen.

Wengine wameuita mkataba huo marudio ya 1906. Naona wamekosea kwa sehemu. Kilima ni mali ya Gécamines, mtambo ni wa Gécamines, na hatua ya kwanza ya kemia ngumu inafanyika Kongo. Lakini hatua za mwisho, zile zinazotenganisha makinikia na lenzi ya kamera, bado ziko kilomita maelfu kutoka kilimani. Umbali huo haupungui kwa hotuba za uzalendo. Unapungua pale ambapo mkataba unasema mainjinia wangapi wa Lubumbashi watafanya kazi Olen, kwa muda gani, na katika chumba kipi cha kiwanda, kwa maana kuna vyumba ambavyo mgeni hapelekwi.

Na kuna ukurasa mwingine wa mikataba ya aina hii ambao nawaomba msomao sheria na uchumi mjifunze kuusoma. Ni ule unaoorodhesha metali zinazolipwa. Mkataba wa kuuza makinikia hutaja shaba, dhahabu, fedha, na kiwango ambacho chini yake muuzaji halipwi chochote. Metali isiyotajwa inahesabiwa kuwa zawadi, au mbaya zaidi uchafu ambao muuzaji anakatwa pesa kwa ajili yake. Tanzania ilipozuia makinikia bandarini mwaka 2017, ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya kilichomo ndani ya makontena yale na nani amekipima. Mwenye maabara yake mwenyewe anaingia kwenye ugomvi wa namna hiyo akiwa na namba. Asiye nayo anaingia na hasira tu. Kwa hiyo kabla ya kuomba tanuri kama la Hoboken, ambalo linahitaji mizigo ya mabara kadhaa ili lisile hasara, ningeanza na maabara ya sampuli na vipimo inayokubalika na pande zote, iliyo kwetu, yenye watu wetu, inayoweza kusoma seleniamu na jemaniamu kwa uhakika ule ule inavyosoma dhahabu. Gharama yake ni sehemu ndogo sana ya gharama ya tanuri. Vijana wa kuiendesha wamo humu ukumbini.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Naomba maswali yaanzie kwa wanafunzi.